Chipu ya kasino haina thamani, ina mwenyewe

Haya wasomaji, leo hakuna msimbo mwingi wala mapitio ya simu mpya. Leo nina hasira, na ni afadhali niimalizie hapa kuliko kuimalizia kwa mteja.

Mteja mwenyewe (jina lake na la kampuni yake nayaweka kapuni) aliniita Makutano, Meru, akitaka nimjengee programu ya simu. Wazo lake lilikuwa hili: chipu za kasino za kidijitali. Unalipa kwa M-Pesa, unapata chipu yenye picha, rangi na nambari yake. Nyekundu zitatolewa 500 tu, za dhahabu 50 tu. Ukitaka unaichezea kamari. Ukitaka unaiweka "ipande bei", kama vile Wamarekani wanavyokusanya chipu za kasino za Las Vegas zilizofungwa zamani na kuziuziana kwa bei kubwa. Soko la kwanza lingekuwa Maua, Meru mjini, Embu mjini na Kiritiri. Kwa nini huko? Kwa maneno yake, "huko kuna pesa ya miraa na muguka kila siku."

Nilikataa kazi. Akaniambia, "Kijana wangu, wewe hujui biashara." Huenda kweli sijui biashara, mzee wangu. Lakini hifadhidata naijua, na hifadhidata ndiyo kiini cha jambo hili lote. Basi leo nataka kueleza kwa nini chipu ya kasino, ile ya udongo na ile ya kwenye simu, si kitu cha kumwambia mtu awekeze. Na kwa nini ile ya simu ni mbaya zaidi.

KWANZA: CHIPU, SI CHIPSI

Chipu ni kile kidude cha duara kinachotumika mezani badala ya pesa. Unaingia, unatoa pesa, unapewa vidude, unacheza, ukimaliza unavirudisha dirishani na kupewa pesa (kama vimebaki!). Kwa lugha yetu sisi watu wa kompyuta, chipu ni kielekezi. Ndani yake hakuna data. Inaonyesha tu mahali data ilipo, na data yenyewe ni deni lililoandikwa katika vitabu vya kasino. Futa data, na kielekezi kinabaki kikielekeza hewani.

Sijatunga hili. Kanuni za kamari za jimbo la Nevada, ambako ndiko Las Vegas iko, zinasema kwamba chipu ni kiwakilishi tu cha thamani, ni ushahidi wa deni ambalo kasino inadaiwa na aliyeishika, na kwamba si mali ya mtu mwingine yeyote ila kasino iliyoitoa. Soma tena hapo mwisho. Umelipia, umeweka mfukoni, umepeleka nyumbani, umeweka kwenye fremu ukutani, na kanuni bado inasema si yako.

Zamani haikuwa hivyo kila mahali. Hadi katikati ya miaka ya 1960, mashine na meza nyingi za Nevada zilitumia dola za sarafu zenye madini ya fedha. Mwaka 1964 sarafu hizo zikaadimika kwa sababu watu walianza kuzificha nyumbani, fedha ikiwa inapanda bei. Mwaka 1965 kasino zikaanza kutumia sarafu zao wenyewe za bandia za dola moja. Angalia tofauti. Aliyetoka kasino na dola ya zamani alitoka na kipande cha fedha, ambacho sonara yeyote angekipima. Aliyetoka na sarafu ya kasino alitoka na ahadi.

Na hapa kwetu tumewahi kuona jambo linalofanana. Mnazikumbuka mashine za kamari zilizojaa kwenye maduka ya vijijini miaka ya 2010, ambazo serikali ilikuja kuzikamata na kuziteketeza hadharani? Zilikula sarafu za shilingi 20. Zilikuwa laana, sizitetei. Lakini mtoto aliyeponyoka pale na sarafu moja mkononi angeweza kuvuka barabara na kununua mandazi. Chipu ya dhahabu ya mteja wangu hainunui mandazi. Inanunua nafasi ya kumtafuta mtu mwingine wa kuinunua.

THAMANI MBILI ZISIZOKAA NYUMBA MOJA

Sasa tumtendee haki mzee wangu: ni kweli kuna watu wanaokusanya chipu, na kuna chipu zinazouzwa kwa bei kubwa kuliko ilivyoandikwa juu yake. Marekani kuna chama cha wakusanyaji tangu 1988. Si wajinga. Lakini inafaa kuelewa bei ile inatoka wapi.

Chipu ina thamani mbili. Ya kwanza ni ya deni: chipu ya dola 5 ni dola 5 kwa sababu dirisha liko wazi. Ya pili ni ya mkusanyaji, na kwa kawaida hii huzaliwa ya kwanza inapokufa. Kasino ikifungwa, tangazo hutolewa, watu hupewa muda wa kurudisha chipu zao, na zilizorudishwa huharibiwa ili zisitumike tena. Siku ya mwisho ikipita, deni limekwisha. Zinabaki chache tu zilizosahauliwa mifukoni, kwenye droo na kwenye makabati. Idadi yake haiwezi kuongezeka tena, na hapo ndipo mkusanyaji anaanza kutoa pesa.

Anatoa kiasi gani? Inategemea zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na kama bado kuna watu wanaolikumbuka lile jumba. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo mwenye chipu analidhibiti. Leo chipu yako ni miongoni mwa kumi zinazojulikana duniani. Kesho mjane wa meneja wa zamani anafungua sanduku na kukuta mia tatu. Bei yako imekwisha, na hakuna aliyekukosea.

Na je, "toleo maalumu"? Hapa ndipo napenda watu wafungue macho. Kasino za Marekani ziligundua kitambo kwamba chipu inayopelekwa nyumbani kama kumbukumbu ni deni lisilolipwa kamwe. Mgeni ametoa dola 5, kutengeneza chipu kumegharimu kiasi kidogo, na dirisha halitamwona tena. Basi wakaanza kutoa chipu za mwaka mpya, za pambano la ndondi, za sherehe ya hoteli. Kila "toleo chache" ni mkopo ambao mkopeshaji ameahidi moyoni hataudai. Ukisikia mwenye nyumba anakuambia chipu yake ni adimu, jiulize nani ameifanya adimu, na nani anaweza kuamua kesho isiwe adimu.

TANGAZO MOJA TU

Desemba 2010, mtu mmoja aliyevaa helmeti ya pikipiki aliingia kasino ya Bellagio, Las Vegas, akachukua kwa bunduki chipu zenye thamani ya takriban dola milioni 1.5, zikiwemo za dola 25,000 kila moja. Kasino ilifanya nini? Ilitangaza kwamba toleo lile la chipu za dola 25,000 linaondolewa, na siku ya mwisho ya kulirudisha ni Aprili 22, 2011. Jambazi akabaki na mzigo wa udongo uliopakwa rangi. Alikamatwa Februari 2011, akijaribu kuziuza kwa mtu ambaye kumbe alikuwa polisi.

Hadithi hii watu huisimulia kwa kicheko. Mimi inaniogopesha. Tangazo lile halikusema "chipu za jambazi". Lilisema toleo lote. Mtu mwema aliyeihifadhi moja kabatini kihalali, akawa hakusikia tangazo, alikuwa katika hali ile ile.

Teknolojia imelirahisisha zaidi. Kasino ya Wynn ilipofunguliwa Las Vegas mwaka 2005, chipu zake zilikuwa na kifaa kidogo ndani kinachosomwa kwa mawimbi ya redio. Kila chipu ina nambari yake. Hakuna haja tena ya kufuta toleo zima, unafuta moja moja. Chipu ya siku hizi ni safu katika jedwali, na mwenye jedwali anaweza kuandika:

UPDATE chipu SET thamani = 0 WHERE toleo = 'dhahabu';

Mstari mmoja. Naweza kuuandika nikiwa kwenye matatu kati ya Chuka na Embu, mtandao ukiwa na vijiti viwili. Mteja wangu alitaka niwe mtu mwenye uwezo huo juu ya akiba za watu wa Igembe na Mbeere, na hakuona tatizo. Nilipomwuliza ni masharti gani yatatuzuia kuuandika, alisema, "Hayo tutaweka baadaye."

"LAKINI HATA NOTI YA BENKI KUU NI HIVYO HIVYO"

Hili ndilo jibu ninalopata kila nikizungumza haya. Kwamba hata shilingi ni imani tu. Kwamba hata Benki Kuu ya Kenya ilifuta noti.

Kweli, ilifuta. Juni 1, 2019, sikukuu ya Madaraka, gavana Patrick Njoroge alitangaza noti mpya, na kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma kutumika Septemba 30 mwaka huo. Baada ya hesabu, noti 7,386,000 hazikurudi. Hizo ni shilingi bilioni 7.386 zilizogeuka karatasi.

Sasa linganisha. Miezi minne ya ilani. Tangazo mbele ya nchi nzima, redioni, magazetini, kanisani, kwenye baraza la chifu. Mtu aliyetangaza anajulikana kwa jina na cheo. Watu walikwenda mahakamani kupinga, wakasikizwa, wakashindwa, lakini wakasikizwa! Na uliyebadilisha kwa wakati ulipata elfu kwa elfu. Mwenye chipu ya kwenye simu ana nini katika hayo? Ana ukurasa wa masharti usiosomwa na mtu, wenye sentensi inayosema kampuni inaweza kubadilisha chochote wakati wowote.

Tukiwa hapo hapo, somo kwa wanaohifadhi ile elfu ya zamani wakingoja iwe dhahabu: ziko zaidi ya milioni saba huko nje kama yako. Kufutwa peke yake hakufanyi kitu kuwa adimu. Na wale wenye sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru: ni kumbukumbu nzuri, iwekeni. Lakini ukikutana na tangazo la mtu anayedai ataitoa kwa malaki, ila kwanza umtumie "ada ya usajili", huyo hanunui sarafu. Anauza tumaini, na mnunuzi ni wewe.

CHIPU YA SIMU HAINA HATA UZEE

Sasa nifike kwenye hoja yangu kubwa, na nawaomba wenzangu wa programu wanisikilize hasa hapa.

Chipu ya udongo ina heshima moja: inaweza kuishi kuliko kasino yake. Jumba likibomolewa kwa baruti, chipu bado iko kwenye droo. Hiyo ndiyo sababu pekee ya soko la wakusanyaji kuwepo. Deni linakufa, kitu kinabaki.

Chipu ya kwenye simu haiwezi hilo. Seva ikizimwa, deni limekufa na kitu kimekufa siku hiyo hiyo. Huna cha kuweka kwenye fremu. Una picha ya skrini. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Runyenjes kwamba chipu ya kidijitali itapanda bei "kama zile za Las Vegas" ni kuazima heshima ya kitu ambacho chako hakina.

Mnataka mfano wenye pesa halisi? Mchezo wa Counter-Strike, wa kampuni ya Valve. Tangu 2013 wachezaji hununua ufunguo, hufungua sanduku, na kupata rangi ya bunduki au kisu, adimu au ya kawaida. Huo ni mzunguko wa mashine ya kamari, hata uuite jina gani. Baadaye tovuti za watu wengine zikazitumia rangi hizo kama chipu kabisa, hadi Julai 2016 Valve yenyewe ikaziandikia barua kuziamuru ziache. Soko la vitu hivi likakua mpaka wanaolifuatilia wakalikadiria kuwa karibu dola bilioni 6. Kisha Oktoba 22, 2025, likaja sasisho la kawaida la programu. Sasisho hilo liliruhusu wachezaji kubadilisha vitu vitano vyekundu wapate kisu au glavu. Visu, vilivyokuwa adimu, vikawa na njia mpya ya kupatikana. Kwa makadirio ya wafuatiliaji hao hao, karibu dola bilioni 2 zikayeyuka katika muda wa siku moja au mbili.

Hakuna aliyedukua. Hakuna sheria iliyovunjwa. Valve ilirekebisha mchezo wake, kama ilivyo haki yake. Aliyekuwa ameweka karo ya chuo kwenye kisu cha picha ndiye aliyegundua kwamba kisu hakikuwa chake.

"Basi tuweke kwenye mnyororo wa bloku!" Najua, najua. Mnyororo unathibitisha kwamba nambari fulani iko kwenye pochi yako. Hauthibitishi kwamba kuna mtu anaitaka. Mwezi Machi 2021 ujumbe wa kwanza wa Twitter wa Jack Dorsey uliuzwa kama kipande cha kidijitali kwa dola milioni 2.9. Aprili 2022 aliyeununua aliuweka mnadani, na muda ulipoisha zabuni ya juu ilikuwa karibu dola 280. Mnyororo ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa. Hata bingwa wetu Eliud Kipchoge aliuza video zake za namna hiyo mwaka 2021, zikaleta maelfu ya dola. Namheshimu, na nadhani aliyenunua alikuwa ananunua sehemu ya Kipchoge. Hiyo ni sawa. Ununue kwa sababu unampenda mtu, si kwa sababu umeambiwa itapanda.

Na Hamster Kombat mmeisahau? Mwaka 2024 kila stendi ya boda boda ilikuwa na mtu anayegonga skrini kwa kidole gumba usiku na mchana. Sarafu yenyewe ikatoka Septemba 26, 2024, na wengi wakalalamika kwamba malipo hayakulingana hata kidogo na miezi ya kugonga. Kanuni za nani anastahili kupata ngapi ziliandikwa na nani? Na mwenye jedwali.

WATU WA MIRAA WANAIJUA THAMANI

Kinachonikera zaidi ni ile dharau: kwamba Meru na Embu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu watu wana pesa taslimu na hawajui mambo. Jamani! Kama kuna watu Kenya hii wanaoelewa thamani inayobadilika, ni hawa.

Kifurushi cha miraa kinafungwa kwa majani ya mgomba asubuhi ili kisikauke. Kuanzia hapo saa inahesabu. Kikichelewa siku mbili, wanunuzi wanaanza kukigeuza geuza na kukunja uso. Kila mtu kwenye mnyororo ule, mchumaji, mfungaji, dereva anayekanyaga mafuta kutoka Maua, muuzaji wa Eastleigh, anajua bei ya sasa na bei ya baada ya saa sita, na anajua kwa nini. Wanajua pia soko linavyoweza kufungwa kwa kalamu. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ilifunga mlango 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka, na Mbeere yote ikashika kichwa. Waliumia, ndiyo. Lakini soko lilipofungwa mti ulibaki shambani, na mvua iliponyesha ulichipua. Hakuna ofisi Nairobi au ng'ambo iliyoweza kuandika mstari mmoja na kuung'oa.

Na vitu vya kale wanavijua pia. Nyambene kuna miti ya miraa inayoitwa mbaine, ile mikongwe iliyopandwa na mababu. Miraa yake huheshimiwa na hulipiwa zaidi kuliko ya miti michanga. Hicho ndicho kitu adimu cha kweli: hakuna anayeweza kutengeneza mti wa miaka mingi leo jioni. Uadimu wake umetokana na muda. Uadimu wa chipu ya dhahabu umetokana na nambari 50 niliyotakiwa kuandika kwenye faili la mipangilio, na kesho ningeweza kuandika 5,000.

Tatizo la watu wetu, basi, si ujinga. Ni kwamba pesa ya kila siku huja kila siku, na simu iko mfukoni kila siku. Yule wa Kiritiri aliyeuza muguka saa nne asubuhi, saa tano yuko kwenye Aviator, akiangalia kindege kikipaa na nambari zikipanda, akijiambia atatoa pesa kabla hakijatoweka. Kamari ya wazi angalau inajiita kamari. Ukiivalisha koti la "mkusanyo", unamfikia hata yule aliyeapa kwa mkewe kwamba ameacha. "Sichezi, nawekeza." Hapo ndipo nilipokataa kushika kalamu.

TUMESHAONA MLANGO UKIFUNGWA

Kama mtu anadhani kufungwa kwa dirisha ni jambo la Las Vegas tu, arudi 2019. Julai mwaka huo serikali iliagiza Safaricom izime nambari za Paybill za kampuni 27 za kamari ambazo leseni zao hazikuwa zimehuishwa. Septemba, SportPesa na Betin zikatangaza kusimamisha shughuli zao nchini. SportPesa ilikuja kurudi baadaye. Sizungumzii nani alikuwa na haki katika vita ile ya kodi na leseni. Nasema tu kwamba ghafla swali la watu wengi likawa: salio langu linatokaje? Na hilo lilikuwa salio la shilingi, kitu chenye kipimo. Fikiria ungekuwa na "chipu za dhahabu" tatu. Ungeenda kwa nani, ukadai kiasi gani?

NINACHOTAKA

Sasa tuna sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyotiwa sahihi Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966, na mamlaka mpya ya kuisimamia. Ombi langu kwao ni fupi:

1. Chochote kinachonunuliwa kwa shilingi ndani ya programu ya kamari na kuweza kuchezewa kamari kihesabiwe kuwa deni la kampuni kwa mchezaji, kwa bei aliyolipa. Kiwe chipu, beji, jiwe au nyota.

2. Kampuni ikifunga au ikifuta toleo, itoe ilani ya hadharani na muda wa kurudisha, kama Benki Kuu ilivyofanya. Pesa za kulipia ziwe zimewekwa kando, benki, mahali ambapo mkurugenzi hawezi kuzigusa.

3. Mwenye kasino asiruhusiwe kutangaza chipu yake mwenyewe kuwa uwekezaji. Mtu baki akitaka kuikusanya, shauri yake.

Kwenu nyinyi mnaonunua, nina maswali matatu tu. Seva ikizimwa leo usiku, nitabaki na nini mkononi? Nani anaweza kuongeza idadi? Nani analazimika kisheria kuinunua kutoka kwangu? Majibu yakiwa "hakuna", "wao" na "hakuna mtu", basi umenunua tiketi ya bahati nasibu. Ni ruhusa yako. Ila uiite tiketi, na usimwambie mama watoto kwamba ni akiba.

Na kwenu wenzangu waandishi wa programu, wa Meru, Embu, Chuka na popote. Najua kazi ni chache. Najua mteja kama yule hulipa nusu mapema, na kodi ya nyumba haingoji. Sisemi mkatae kila kazi ya kamari. Kila mtu na dhamira yake. Nasema mkatae hii moja: kuandika jedwali ambalo ndani yake uadimu ni uongo na deni halina mdaiwa. Mtasema mwingine ataiandika. Labda. Lakini huyo mwingine naye atalazimika kutafutwa, atalipwa zaidi, na pengine atauliza maswali. Kila swali ni gharama kwa mtu anayetaka mambo ya harakaharaka.

Nimemaliza. Mnaosema mimi ni mshamba asiyejua biashara, nafasi iko hapo chini, karibuni, ila njooni na hoja. Na kama kuna aliyewahi kuuza kitu cha kidijitali kwa faida na bado anacho cha pili kilichopanda, nielezeni kwa hesabu, si kwa picha za skrini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kazi: namna ya kuweka nakala rudufu ya hifadhidata kabla umeme wa hapa Embu haujafanya mambo yake.